Utangulizi: Nongo na Ngozi Mpya

Kila anayeoga kwa dodoki anaijua nongo. Unasugua mkono uliolowa vizuri, mara vijiuzi vya kijivu vinajiviringisha chini ya kidole. Tumekua tukiambiwa ni uchafu, na mama akiiona shingoni mwa mtoto humrudisha bafuni bila mjadala. Uchafu umo kweli: vumbi, jasho, mafuta. Lakini humo pia mna mwili wako mwenyewe, seli zilizozaliwa mwezi mmoja hivi uliopita, zikafanya kazi yake, zikafa, na sasa zinazipisha nyingine. Karibu, msomaji. Ningependa tuingie katika elimu ya ngozi kwa mlango huo wa bafuni.

Tabaka la juu la ngozi huitwa epidemisi. Kwenye sehemu kubwa ya mwili, unene wake ni kama milimita 0.1, sawa na karatasi ya daftari. Kwenye nyayo huwa nene zaidi ya hapo. Chini kabisa ya karatasi hiyo pana safu moja ya seli zinazogawanyika mchana na usiku. Baadhi ya seli changa hubaki pale pale kuendeleza uzazi, nyingine husukumwa kwenda juu. Zinapopanda hujijaza protini ngumu iitwayo keratini, hubapa, hupoteza kiini, na zinapofika juu huwa zimeshakufa. Kwa kijana safari hiyo yote huchukua takriban wiki 4. Kwa mzee huwa ndefu zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mchubuko wa bibi kuchelewa kufunga kuliko wa mjukuu.

Usizidharau seli zile zilizokufa. Zimelaliana kama makuti kwenye paa, na katikati yake kumepakwa mafuta ambayo ngozi imeyatengeneza yenyewe. Paa hilo ndilo linalozuia maji ya mwili yasipotee hewani na vijidudu visiingie. Paa likiwa zima hatulioni. Likiharibika, kila mtu analiona.

Chukua kupauka. Mwezi wa Julai, baridi ya Arusha au Iringa ikishika, miguu ya watoto wa shule hupauka kama iliyopakwa majivu, nasi husema wamesahau kupaka mafuta. Kinachotokea ndani ni kitu cha kupendeza kukijua. Seli za juu hushikana kwa vifungo vidogo vya protini, na kila siku vimeng'enya huvikata vifungo hivyo ili seli zidondoke moja moja, kimyakimya, bila mtu kuona. Vimeng'enya hivyo vinahitaji maji ili vifanye kazi. Hewa ikiwa kavu, ngozi hukosa maji, vifungo havikatwi sawasawa, na seli hubaki zimeng'ang'aniana kwa vipande vilivyoinuka pembeni. Mwanga ukivipiga hutawanyika, ukaonekana ule weupe. Kwenye ngozi nyeusi hujitokeza wazi zaidi, kwa hiyo sisi tuna neno lake tangu zamani, na neno lenyewe halihitaji kufafanuliwa kwa mtoto.

Kwa hiyo mafuta ya mgando anayopakwa mtoto akiwa bado na unyevu wa kuoga yanafanya zaidi ya kumng'arisha. Yanayafungia maji ndani, maji yanaviwezesha vimeng'enya, na ngozi inaendelea kujivua yenyewe. Mafuta hayajengi ngozi. Yanaipa nafasi ya kufanya inachokijua. Wazo hilo ndilo uti wa mgongo wa kitabu hiki.

Jinsi ngozi inavyoijua kazi yake ilionekana Ujerumani mwaka 2015. Mtoto wa miaka 7, kutoka familia ya wakimbizi wa Syria, alizaliwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi iachane na mwili kwa malengelenge. Alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya epidemisi yake. Timu ya mtafiti Michele De Luca wa Modena, Italia, ilichukua kipande kidogo cha ngozi yake, ikaziingizia seli zake nakala nzima ya jeni lililokuwa na kasoro, ikaotesha ngozi maabara, na madaktari wa Bochum, huko huko Ujerumani, wakaipandikiza hadi kufikia asilimia 80 hivi ya mwili wake. Ngozi ile ilishika, ikaendelea kujifanya upya mwezi baada ya mwezi. Watafiti walipofuatilia, waligundua kwamba inategemezwa na seli shina, zile zinazobaki chini kuendeleza uzazi, chache tu zilizodumu miongoni mwa nyingi zilizopandikizwa.

Seli hizo chache ndizo za kulindwa. Jua huziumiza, na madhara yake hujilimbikiza miaka mingi kabla ya kuonekana. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hujikusanya juu ya kiini cha seli kama mwavuli. Asiyekuwa nayo ya kutosha anahitaji mwavuli mwingine. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya kukinga jua, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwao losheni ile ni dawa ya kuokoa maisha, kwa sababu saratani ya ngozi huwapata mapema sana.

Wapo pia wanaoliharibu paa lao wenyewe, kwa mchanganyiko wa kung'arisha ngozi uitwao mkorogo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimekaa na kina dada wengi walioutumia. Steroidi kali inayotiwa humo mara nyingi huzuia seli za chini kugawanyika: ngozi huwa nyembamba, hupasuka mistari, na mshono wa upasuaji hukataa kushika. Zebaki, ambayo nayo hutiwa humo na iliyopigwa vita na mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013, hupenya hadi kwenye figo. Tunasema "kujichubua", na lugha imesema kweli tupu: ni kuezua paa na kumwadhibu fundi aliyeko chini yake.

Sabuni, singo, vitamini A, magaga ya visigino, vyote vina sura zake huko mbele. Kwa sasa nakuomba jambo moja kabla ya kufungua Sura ya Kwanza. Kwa wiki 2, kila ukitoka kuoga, paka mafuta mundi mmoja ukiwa bado na unyevu, mwingine uuache. Kisha azima lenzi, keti dirishani asubuhi jua likiingia kwa upande, uitazame yote miwili. Andika ulichokiona, uje nacho.