Mwenye Njaa Hana Miiko: Kutafuta Chakula cha Kushibisha Ugenini

Wahenga walinena kwamba mwenye njaa hana miiko. Neno hili tulilisikia tangu utotoni, lakini mimi sikulielewa barabara mpaka tulipohamia nchi ya watu.

Mume wangu ni askari polisi. Kabla ya safari yetu, daktari alimpima akamkuta na ugonjwa wa kisukari, na shinikizo la damu yake nalo lilikuwa limepanda. Akampa vidonge, akampa na miiko: apunguze uzito, apunguze sukari, mafuta na chumvi. Nyumbani Kampala miiko hiyo haikututaabisha sana. Nilipika matoke ya kiasi, mukene, mchuzi mwepesi wa karanga na mboga za majani tele. Baba watoto alikula akashiba, na uzito ukaanza kushuka.

Kisha ikaja amri ya uhamisho: miaka miwili ya kazi mjini Arusha, Tanzania. Tukafunga virago, tukapanda basi, tukapita Nairobi na kuvuka mpaka pale Namanga, watoto na masufuria pamoja.

Ndugu msomaji, mwenye kuhama huhesabu vyombo, nguo na karo za watoto. Ni nadra kuhesabu chakula. Siku ya kwanza sokoni nilitafuta ndizi zetu, sikuziona. Nikanunua za mshare, nikazipika kama nilivyozoea, bila hata majani ya mgomba ya kuzifunikia. Zikalainika upesi, wala hazikuwa na ladha ya nyumbani. Watoto wakasukuma sahani. Nikakata tamaa, nikaanza kupika kile kilichokuwa chepesi kupatikana. Asubuhi maandazi na chai, mchana chipsi mayai za kibandani, jioni wali mweupe na mchuzi uliojaa mafuta. Baada ya miezi mitatu mkanda wa mume wangu ulikuwa umehama tundu mbili.

Hapo nikafanya kosa la pili. Nikampunguzia chakula kile kile: nusu ya wali, nusu ya mchuzi, basi. Saa tatu usiku tumbo lilikuwa likimnguruma. Akienda lindoni, hununua maandazi njiani kwa siri. Alipoona aibu, akaamua kuacha kabisa chakula cha jioni. Usiku mmoja alimeza vidonge vyake, asile kitu, akaenda kazini. Kabla ya mapambazuko alianza kutokwa jasho na kutetemeka, maneno yakampotea. Mwenzake mwenye maarifa alimpa chai yenye sukari nyingi, akarudiwa na fahamu zake. Lau angalikuwa peke yake, sijui ningekuwa nikiandika nini leo.

Ndipo nilipotambua kwamba chakula cha mgonjwa hakitoshi kuwa kidogo. Hapana budi kimshibishe, la sivyo ataivunja miiko gizani.

MAJINA HUGEUKA, CHAKULA NI KILE KILE

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mwuza mboga katika soko la Kilombero.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini leo?"

"Natafuta dodo, mama, lakini naona hapa haipo."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Dodo kwetu ni embe, mwanangu! Hebu nionyeshe kwa kidole."

Nikanyosha kidole kwenye fungu la majani mabichi. "Hiyo ni mchicha," akasema. "Imejaa soko zima."

Siku hiyo tulipita meza kwa meza, yeye akitaja na mimi nikitaja. Ensugga yetu ni mnavu wao. Entula ni ngogwe, au nyanya chungu. Empindi ni kunde. Gonja ni ndizi mzuzu. Wimbi huitwa ulezi. Mukene ni dagaa wa Mwanza, nao hutoka katika ziwa lile lile tunaloliona Entebbe. Nilikuwa nimeishi miezi kadhaa kati ya vyakula vyangu nikivilia kama vimebaki Kampala.

Kwa hiyo, mama unayehamia ugenini, usiulize kwanza, "Wana chakula chetu?" Uliza, "Chakula chetu kilikuwa kikifanya kazi gani tumboni?" Mboga zilijaza tumbo kwa maji na nyuzinyuzi. Samaki na kunde ziliondoa njaa kwa muda mrefu. Matoke yalitia nguvu. Ukijua kazi, utampata mfanyakazi katika soko lolote, hata akiwa na jina jingine.

KWA NINI CHAKULA KINGINE HAKISHIBISHI

Jambo hili si dhana ya jikoni tu. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walitangaza matokeo ya kupima vyakula 38. Walivigawa katika vipimo vyenye nguvu sawa, kalori 240 hivi kila kimoja, wakawalisha watu, kisha wakawauliza kwa muda wa saa mbili wameshiba kiasi gani. Mkate mweupe ulikuwa ndio kipimo cha kulinganishia. Viazi mviringo vya kuchemsha vilishibisha zaidi ya mara tatu ya mkate huo. Samaki walishibisha zaidi ya mara mbili, na machungwa mara mbili hivi. Keki na donati, ambazo ni ndugu wa maandazi yetu, zilishindwa hata na mkate. Na viazi vilipokaangwa kuwa chipsi, vilikaribia kulingana na mkate tu.

Sababu yake ni nyepesi kueleza. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, nacho hakijazi hata pembe ya tumbo. Chakula chenye maji, nyuzinyuzi na protini huchukua nafasi kubwa na hukaa tumboni. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina protini ya gramu 15 hivi, na nyuzinyuzi karibu kiasi hicho hicho. Soda nayo hupita kama mgeni asiyeketi: chupa ya kola ya mililita 350 hubeba sukari ya vijiko 9 vya chai hivi, na njaa huiacha mahali pake.

Lakini mwenye kisukari asidhani kwamba viazi ni ruhusa ya kujaza sahani. Viazi, ndizi, ugali na wali vyote hugeuka sukari mwilini. Sharti viliwe kwa kipimo, tena pamoja na vingine.

SAHANI NA CHUNGU

Kipimo chepesi ni macho. Igawe sahani: nusu iwe mboga, robo iwe maharage, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta, na robo iliyobaki iwe ugali, ndizi au viazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika vyakula vya dukani. Kwa ugali, chagua dona badala ya sembe, maana dona husagwa pamoja na kumvi na kiini cha hindi.

Chakula kilichoturudishia amani nyumbani ni kiburu, chakula cha Wachaga wa Kilimanjaro, ambao mlima wao hauko mbali na Arusha. Ni ndizi na maharage katika chungu kimoja. Mimi hukipika hivi kwa watu wanne:

Chukua kikombe kimoja cha maharage makavu, uyaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, uyachemshe kwa maji mapya mpaka yawe laini kabisa. Menya ndizi mbichi 6, uzikate vipande. Zitie katika maharage pamoja na kitunguu kimoja, nyanya mbili na ngogwe chache. Ongeza kijiko kimoja tu cha mafuta na chumvi kidogo. Funika, acha ziive taratibu, kisha ponda kidogo kwa mwiko ili rojo liwe zito. Wengine hutia magadi. Kwetu hayatiwi, kwa kuwa nayo huongeza chumvi mwilini, na mgonjwa wa shinikizo la damu hayahitaji. Pakua kwa kiasi, na kando yake weka fungu kubwa la mchicha au mnavu.

Siku ya kwanza mume wangu alikula kimya. Alipomaliza akasema, "Mama watoto, hii ni matoke yaliyooa maharage." Usiku ule hakununua andazi.

Asubuhi tulibadilisha chai na maandazi kwa uji wa ulezi usio na sukari, wenye maziwa kidogo, na yai la kuchemsha. Kwa lindo la usiku nilimfungia viazi viwili vya kuchemsha na samaki, au maharage na chungwa. Tukajifunza pia kula polepole, kwani tumbo huchukua kama dakika 20 kuupasha ubongo habari kwamba limeshiba.

NENO KWA ASKARI ALIYE PEKE YAKE

Si kila askari aendaye nje huandamana na mkewe. Wengi hula chakula cha chungu kikubwa kambini, wala hawawezi kuchagua kilichopikwa. Hata hivyo mpokeaji huchagua upawa. Omba mboga kabla ya wanga. Omba maharage zaidi na mchuzi wenye mafuta kidogo. Kunywa maji mahali pa soda. Nunua matunda ya msimu kwa zile fedha za maandazi. Na aliye kazini akitoka jasho jua zima asijinyime kwa kumwiga aketiye ofisini. Mwili unaofanya kazi nzito hudai chakula kingi zaidi.

Neno la mwisho ni la tahadhari, nami nalisema kwa uchungu. Atumiaye insulini, au vile vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, asibadili chakula wala kuruka mlo kabla ya kusema na daktari, kwa sababu huenda dawa nayo ikahitaji kupunguzwa. Afikapo nchi mpya, kazi yake ya kwanza iwe kutafuta zahanati na kuonyesha dawa zake. Wenzake wa zamu wajue ugonjwa wake, na mfukoni asikose kitu chenye sukari kwa ajili ya dharura. Kuficha maradhi si ushujaa.

Kabla ya mwaka kwisha, mkanda wa mume wangu ulikuwa umerudi kwenye tundu lake la zamani, na daktari wa huko aliridhika na vipimo vyake. Leo tumekwisha kurejea Kampala, matoke yako tele mlangoni. Lakini kila Jumamosi watoto hudai kiburu, na mimi hukipika kwa furaha. Mgeni mwema harudi kwao mikono mitupu. Sisi tulirudi na chungu kimoja zaidi.