Mti wa Vifaa: Jinsi Maunzi Yanavyoelezwa kwa Mfumo Endeshi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mfumo endeshi wa kompyuta unavyoarifiwa kuhusu maunzi unayoyatawala. Kila kifaa huhitaji programu ya kukiendesha, ambayo hapa tutaiita kiendeshi. Nacho kiendeshi hakiwezi kufanya lolote pasipo kujua kifaa kiko katika anwani ipi.

Vipo vifaa vinavyojitambulisha. Kadi ya PCI huulizwa, nayo hujibu kwa namba ya mtengenezaji na namba ya aina yake. Lakini vifaa vingi vilivyomo ndani ya chipu moja na prosesa, kama katika simu za mkononi, ni bubu. Kwa muda mrefu maelezo ya vifaa hivyo yaliandikwa ndani ya msimbo wa Linux wenyewe, bodi baada ya bodi. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alilalamika hadharani juu ya mrundikano huo katika sehemu ya prosesa za ARM. Suluhisho lililokubaliwa halikuwa jipya: chimbuko lake ni Open Firmware, iliyosanifishwa na IEEE mwaka 1994, na lilikwisha kutumika katika mashine za PowerPC.

Mti wa vifaa ni matini inayokaa nje ya kiini cha mfumo endeshi na kukabidhiwa kwake mashine inapowashwa. Kila kifundo cha mti huwakilisha kifaa, na sifa zake hutaja anwani na kadhalika. Sifa iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya upatanifu, yaani orodha ya majina yanayoanzia lililo mahususi na kuishia lililo la jumla. Mwanaisimu hatashangaa: asiyemjua changu hutosheka kuambiwa samaki. Vivyo hivyo, pasipokuwapo kiendeshi cha jina la kwanza, hutafutwa cha jina linalofuata. Izingatiwe kwamba matini hii hueleza kifaa ni nini, haiamrishi kitumiweje.

Utaratibu huu ulichukulia kwamba maunzi hayabadiliki. Chipu za FPGA, ambazo saketi zake hupangwa upya hata mashine ikiwa kazini, zilivunja dhana hiyo. Kwa ajili ya hali kama hizo Linux, tangu mwaka 2015, inaweza kupokea matini ya nyongeza inayopachikwa juu ya mti uliopo. Hapa mfuatano ndio wenye uzito: njia kati ya prosesa na FPGA hufungwa, saketi mpya hupakiwa, njia hufunguliwa, ndipo viendeshi huitwa. Kiendeshi kikitangulia, huisoma anwani isiyo na mwenyewe, na mashine huweza kukwama kabisa.

Hata mfuatano ukitimia, mti hauna uwezo wa kujua kama saketi iliyopakiwa ndiyo iliyoelezwa. Matini huaminiwa tu. Kwa sababu hiyo wasanifu wengine huweka ndani ya saketi yenyewe namba ya utambulisho na ya toleo, ambayo kiendeshi huisoma kabla ya kugusa kitu kingine. Namba zisipolingana, hukataa kazi.