Ukinunua kifyonza vumbi, chunguza hewa inayotoka nyuma yake

Mji wa Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban maradufu ya Nairobi. Asubuhi jua huwaka. Alasiri mawingu hukusanyika upande wa msitu, ngurumo zikaanza na nguo zilizoanikwa zikakimbizwa ndani. Mvua hiyo ndiyo inayonawirisha miwa na mahindi. Ndiyo pia inayolifanya zulia la sebuleni, godoro na makochi ya kitambaa kuwa makao mazuri ya utitiri wa vumbi, kiumbe asiyeonekana kwa macho anayewaletea watu wengi wenye pumu na mizio chafya, mafua yasiyokwisha na kubanwa kifua.

Katika mitaa kama Milimani na Amalemba, na katika nyumba za kupangisha zilizo karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, si ajabu kukuta vigae sakafuni, zulia zito juu yake na paka amejikunja juu ya zulia. Mwenye nyumba ya namna hiyo akienda dukani kutafuta kifyonza vumbi, jambo la kwanza atakalotajiwa ni wati: hii ni 1,400, ile ni 2,000. Kwa mtu mwenye mzio, wati hazijibu swali lake. Swali lake ni je, vumbi likishaingia kwenye mashine linabaki humo, au linarudi chumbani kupitia nyuma?

Utitiri na unyevu

Utitiri wa vumbi ni jamaa ya kupe na buibui. Urefu wake ni karibu robo ya milimita. Haumi wala hanyonyi damu. Hula magamba ya ngozi yanayotudondoka tunapolala na kuketi. Hahitaji kunywa, kwa sababu hujipatia maji kutoka kwa mvuke ulio hewani, na hapo ndipo penye udhaifu wake: unyevu hewani ukikaa chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu, hukauka akafa. Mwaka 1964, Reindert Voorhorst na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walimtaja utitiri kuwa ndiye chanzo cha mzio wa vumbi la nyumbani, na wakaona kwamba nyumba zenye unyevunyevu ndizo zenye utitiri wengi zaidi.

Kinachodhuru hasa ni kinyesi chake. Kila punje ina upana wa takriban mikroni 20, na mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Punje hizo ni nzito kiasi kwamba zikitimuliwa huelea kwa dakika chache tu, kisha zikatua. Ndiyo maana mwenye mzio huu huumia zaidi anapotandika kitanda, anapokung'uta mto au anapofagia zulia.

Paka ana mambo yake. Kinachosumbua si manyoya yenyewe bali protini iitwayo Fel d 1, inayotoka kwenye mate na tezi za ngozi yake. Anapojilamba huipaka mwili mzima; ikikauka, hupeperuka. Sehemu ya protini hiyo hubebwa na chembe ndogo kuliko mikroni 5, ambazo huweza kuelea kwa saa nyingi na kunata kwenye kuta na nguo. Imewahi kupatikana hata katika nyumba na madarasa ambayo hayana paka. Paka akiondolewa nyumbani, huenda miezi mitano au sita ikapita kabla ya kiwango cha protini hiyo kushuka vya kutosha.

Mbwa pia ana protini zake, lakini mbwa wengi wa magharibi mwa Kenya hulala nje wakilinda boma, na hilo peke yake ni kinga. Paka ndiye anayeruhusiwa ndani, kwa sababu ya panya wanaofuata magunia ya mahindi. Ongeza kinyesi cha mende jikoni, ambacho nacho huchochea pumu, na utaona kwamba neno "vumbi" lina mengi ndani yake.

Mashine iliyobuniwa na mgonjwa

Kifyonza vumbi cha mkono kina uhusiano wa tangu awali na pumu. James Murray Spangler alikuwa mfagizi katika duka moja kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na vumbi lililotimuliwa na kifaa alichosafishia mazulia lilimzidishia maradhi. Akaunganisha mota ya feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akapata hataza mwaka 1908. Familia ya Hoover ndiyo iliyoinunua na kuieneza duniani.

Foronya ile ilinasa nywele, mchanga na mabonge ya vumbi. Vumbi jembamba lilipenya kitambaa na kurudi hewani. Kasoro hiyo bado ipo katika mashine nyingi za bei nafuu zenye mfuko wa kitambaa au kipande cha sponji: zinaliacha zulia likipendeza macho huku zikipuliza chembe ndogo, zile za paka, kwa urefu wa pua ya mtoto anayecheza chini.

Dawa ya kasoro hiyo ni kichujio cha HEPA, kilichotokana na mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la nyuklia katika miaka ya 1940, ambako ilibidi kunasa chembe zenye mnururisho. Hakifanyi kazi kama chekeche la unga, linalopitisha kila kilicho kidogo kuliko tundu. Ni nyuzi nyembamba zilizopindana ovyo. Chembe kubwa hushindwa kukata kona na kuzigonga; za wastani huzigusa zikipita; na zile ndogo kabisa, zikisukumwa huku na huku na molekuli za hewa, huyumba hadi zikanasa. Zinazoponyoka kwa urahisi zaidi ni za katikati, za karibu mikroni 0.3, na ndiyo sababu kichujio hupimwa hapo. Kiwango cha Marekani kinadai kinase asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa huo. Daraja la H13 la Ulaya linadai asilimia 99.95 ya zile zinazopenya kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo tafuta H13 au namba hizo kwenye boksi. Maneno kama "mfano wa HEPA" au "aina ya HEPA" hayafungamani na kipimo chochote.

Ya kuangalia dukani

Kichujio kizuri ndani ya mashine inayovuja ni hasara. Hewa hupenda njia nyepesi, na ikipata ufa kwenye kifuniko itapitia hapo bila kufika kwenye kichujio. Mwombe muuzaji aiwashe mashine, kisha zungusha kiganja chako kwenye viungo vyote. Upepo utoke mahali pamoja tu, kwenye tundu la kutolea hewa. Fungua pia kifuniko uone kama kuna mpira wa kuziba pembeni. Kama mashine ilikuwa ya maonyesho, mstari wa vumbi karibu na kichujio ni ushahidi wa uvujaji.

Kuhusu wati, zingatia yaliyotokea Ulaya. Septemba 2014 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa vifyonza vumbi vinavyotumia zaidi ya wati 1,600, na Septemba 2017 ukashusha kikomo hadi 900. Watengenezaji waliboresha mota na vichwa vya kufyonzea, na mazulia yakaendelea kusafishwa. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa. Mashine ya wati 900 ikitumiwa nusu saa mara mbili kwa wiki itakula karibu uniti 3.6 kwa wiki nne. Ya wati 2,000 itakula 8.

Mfuko au kikombe? Kikombe cha plastiki hakina gharama ya mifuko, lakini kila ukikimwaga unajirushia usoni ulichokwisha kunasa. Mfuko wa kutupa wenye kifuniko unamfaa zaidi mwenye mzio. Kabla ya kulipa, uliza kama mifuko ya modeli hiyo hupatikana mjini Kakamega au itakubidi kuagiza kutoka Kisumu au Nairobi. Mifuko ikikosekana, watu hutumia mmoja huohuo hadi unapasuka.

Penye paka au mbwa na zulia, chagua kichwa chenye burashi inayozunguka, kwa sababu manyoya hujisokota kwenye nyuzi na mvuto mtupu hauyatoi. Burashi hiyo iwe rahisi kuchomoa ili uzikate nywele zilizoizonga, na iwe na swichi ya kuizima ukifika kwenye vigae, maana hapo hurusha uchafu badala ya kuukusanya. Kichwa kidogo cha makochi na godoro si cha kuachwa.

Mashine kubwa za umbo la pipa, zile za sehemu za kuoshea magari, hufyonza maji vizuri, lakini nyingi huja na sponji au kichujio cha kawaida. Zile zinazopitisha vumbi kwenye maji hunasa chembe kubwa. Ndogo huweza kutoroka ndani ya mapovu. Zote mbili lazima zimwagwe na kukaushwa siku hiyohiyo, la sivyo zitaota ukungu.

Mtumba je? Mashine za Uingereza zina plagi kama zetu na huendana na umeme wetu wa volti 240. Za Marekani ni za volti 120 na zitaungua zikichomekwa moja kwa moja. Vyovyote iwavyo, mipira ya mashine kuukuu huwa imekauka, na kichujio chake kimebeba paka wa mtu mwingine. Kama kichujio kipya hakipatikani, iache.

Mashine peke yake haitoshi

Mwaka 2003, watafiti wa Manchester, Uingereza, walipima hewa waliyovuta watu waliokuwa wakisafisha nyumba zenye paka. Hata mashine zenye HEPA ziliongeza protini ya paka waliyoivuta, kwa kuwa kusafisha kwenyewe hutibua yaliyotulia. Hivyo mgonjwa asiwe ndiye anayeshika mashine. Atoke, madirisha yafunguliwe, na asirudi kabla ya nusu saa hivi. Penye paka, akawie zaidi. Yule anayesafisha, akiwemo mfanyakazi wa nyumbani, avae barakoa.

Tathmini ya majaribio 54 iliyochapishwa mwaka 2008 na Peter Gøtzsche na Helle Johansen wa Denmark haikuona nafuu kwa wagonjwa wa pumu kutokana na mbinu za kupambana na utitiri. Matumaini yako kwingine: mwaka 2004, uchunguzi wa watoto 937 katika miji saba ya Marekani ulionyesha kwamba familia zilizofanya mambo kadhaa kwa pamoja, yakiwemo kufunika magodoro, kudhibiti mende na kutumia kifyonza vumbi chenye HEPA, zilipunguziwa idadi ya siku ambazo watoto wao walikuwa na dalili za pumu.

Hapa nyumbani, utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulilinganisha wanafunzi wa Nairobi wenye pumu na wasio nayo. Mambo yaliyojitokeza zaidi katika nyumba za wenye pumu yalikuwa unyevu ulioharibu chumba cha kulala, moshi na uchafu wa hewa nyumbani, na zulia katika chumba cha mtoto. Kakamega, yenye mvua zaidi ya Nairobi na kuni zinazowaka jikoni, ina sababu ya kuyatilia maanani matokeo hayo. Moshi, tukumbuke, haufyonzwi na mashine ya sakafuni. Dawa yake ni dohani, dirisha na jiko safi.

Kwa hiyo pesa zikiwa chache, anza na yasiyo na gharama. Toa zulia chumbani mwa mtoto, piga deki kwa kitambaa kilicholowa badala ya kufagia sakafu kavu, na mzuie paka asipande kitandani. Fua mashuka kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Tumia jua la asubuhi: watafiti wa Sydney walionyesha mwaka 1994 kwamba zulia lililoanikwa juani lilibaki bila utitiri hata mmoja aliye hai. Mizoga na kinyesi hubaki, kwa hiyo likung'utie hukohuko nje, mgonjwa akiwa mbali, na uliingize kabla ya mvua ya alasiri.

Anayepaswa kutanguliza mashine ni mpangaji aliyekuta zulia limegundishwa sakafuni, au familia isiyoweza kuachana na makochi ya kitambaa na paka wake. Huyo atumie pesa zake kwenye kichujio cha H13, viungo visivyovuja na mifuko inayopatikana karibu, asafishe polepole mara mbili kwa wiki, na abadilishe kichujio kwa wakati. Kikiwa cha kuoshwa, kikaushwe kabisa; msimu wa mvua hilo huweza kuchukua siku mbili, na kichujio kibichi huotesha kuvu. Dawa ya kuvuta aliyoandikiwa na daktari isiachwe hata siku moja kwa sababu nyumba inang'aa.