Jenga, lakini udongo wako ubaki kiwanjani kwako



Hapa Nchelenge msimu wa kujenga na msimu wa mvua vinafuatana bila nafasi katikati. Kuanzia Mei hadi Oktoba watu wanafyatua matofali, wanachimba vyoo, wanapandisha kuta. Novemba mvua inaanza, na haituachi mpaka Aprili. Katika miezi hiyo kila kilichoachwa wazi kiwanjani kinasafiri: lundo la udongo uliotoka shimoni, mchanga wa kuchanganyia, majivu, na uwanja wenyewe ulioupalilia hadi ukang'aa.

Labda utauliza: watu wa afya wanatafuta nini kwenye udongo? Si wangetuambia habari za chandarua na kunawa mikono? Fanya jaribio dogo, halafu endelea kusoma. Siku ya mvua kubwa, kinga maji ya mtaro unaopita mbele ya nyumba yako kwa chupa ya plastiki isiyo na rangi. Iweke dirishani, isiguswe hadi asubuhi. Utakuta tope limelala chini. Hilo tope halikutoka mbinguni. Limetoka kwako na kwa jirani zako wa juu, na njiani limepita kwenye zizi la mbuzi, nyuma ya choo, na pale watoto wadogo wanapojisaidia. Vyote hivyo vinakwenda pamoja hadi kwenye dambo na kijito, na mwisho ni Ziwa Mweru.

Tope na ndoo yako ya maji

Klorini haipendi tope. Ukiitia kwenye maji machafu, sehemu kubwa ya nguvu yake inaishia kwenye uchafu, na vijidudu vinavyojificha ndani ya chembe za tope vinabaki hai. Ndiyo maana mama anaweza kutia dawa kila siku, kwa kipimo sahihi, na watoto bado wanaharisha. Maji yenye rangi ya chai ya maziwa yaache kwanza yatulie, yamwage taratibu kwenye chombo kingine, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie klorini kama chupa inavyoelekeza kwa maji yenye tope. Pwani hii inakijua kipindupindu. Kimerudi zaidi ya mara moja, hasa kwenye makambi ya wavuvi, ambako vyoo ni vichache na watu huchota ziwani moja kwa moja.

Choo nacho kinahusika. Shimo likichimbwa bila kuinuliwa ukingo wake, maji ya mvua huingia kutoka juu, kuta hulegea, na siku moja asubuhi unakuta sakafu imezama. Lililokuwa ndani linaogelea nje. Kipimo kinachotumika katika kazi za misaada duniani ni choo kuwa angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na chini ya shimo kuwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Pima wakati wa mvua, maana maji ya ardhini hupanda. Shimo lililo kavu Septemba linaweza kuwa kisima Februari.

Shimo la matofali

Hili tunaomba ulisome mara mbili.

Chukua nyumba ya mita 3 kwa 5, kuta zenye kimo cha mita 2 na unene wa sentimita 20. Ukiacha milango na madirisha, kuta hizo zinakula karibu mita za ujazo 6 za udongo. Hilo ni shimo la mita 2 kwa 3 lenye kina cha mita 1, kwa nyumba moja tu. Sasa zidisha kwa nyumba za bloku yako.

Mvua ikilijaza, shimo hilo linakuwa dimbwi la wazi linalopigwa na jua, na hapo ndipo mmoja wa mbu wetu wa malaria anapopenda kutaga. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa ni wiki moja hadi mbili. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi Zambia. Hata waliotoka Pweto na Moba, ambako malaria si mgeni, wanaliona hilo wanapopanga foleni zahanati mwezi Machi. Tusidanganyane hata hivyo. Mbu aliye wengi zaidi huku ni wa aina nyingine, anayezaa kwenye maji ya kudumu yenye majani, kando ya vijito na ziwa. Kufukia mashimo yote ya kambi hakutamaliza malaria, na anayekuambia hivyo hakujui huku. Chandarua kibaki kitandani, na wapulizia dawa wakija wafungulie mlango. Lakini mbu wa shimo lako ni mbu uliyemfuga mwenyewe, tena karibu na mlango, na huyo unaweza kumfukuza kwa beleshi. Zaidi ya mbu, shimo la mita moja lililojaa maji ya tope, lisiloonyesha kina chake, linamtosha mtoto wa miaka mitatu kuzama.

Basi kubaliana na majirani mchimbe mahali pamoja, mbali na nyumba, si kila mmoja nyuma ya jiko lake. Chimba kwa upana, si kwa kina, na upande mmoja uwe na mteremko ambao mtoto anaweza kupanda. Ukimaliza, rudisha udongo wa juu ule mweusi, ambao ulipaswa kuuweka pembeni tangu siku ya kwanza, na upande ndizi. Ndizi hupenda hapo. Kama mtajenga zaidi mwakani, pasueni mfereji wa kutolea maji ili lisisimame dimbwi. Na matofali ya kuchoma yanakula kuni nyingi mno. Matofali mabichi yenye paa lililochomoza vizuri na plasta ya udongo yanadumu, na miti iliyobaki inashika ardhi.

Ziwani

Wenyeji waliotupokea wanaishi kwa ziwa hili. Samaki anayeitwa pale, ambaye wengi wenu mliotoka ng'ambo mnamjua kama makobo, ni wa ukoo wa tilapia. Dume husafisha kiota mchangani, kwenye maji ya kina kifupi, na jike hubeba mayai kinywani. Sasa fikiri tope likitanda juu ya mchanga huo. Ni kweli kwamba samaki wamepungua zaidi kwa sababu ya wingi wa wavuvi na nyavu za matundu madogo, na ndiyo maana serikali hufunga uvuvi kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Lakini angalia kalenda: miezi ambayo mvuvi wa Kashikishi anaambiwa apumzishe ziwa ndiyo miezi ambayo sisi tunalimwagia udongo. Na kabla ya kufika ziwani, maji yetu yanapita kwenye vijiji ambavyo watu wake wanachota kijitoni. Mambo ya namna hii ndiyo huzaa maneno kati ya wageni na wenyeji.

Hapa hatuna milima ya Kalehe, kule Kivu Kusini, ambako Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliangukia Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Ardhi yetu haina miinuko ya namna ile. Udongo wa huku hauji kwa kishindo, na kwa sababu hiyo hakuna anayeuogopa. Unakuja kidogo kidogo, kwenye ndoo.

Maji ni mengi kuliko unavyodhani

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita 10 kwa 20, kikipata mvua kubwa ya milimita 50, kimepokea lita 10,000, yaani madumu 500 ya lita 20. Kwenye majani sehemu kubwa inazama ardhini. Kwenye uwanja uliokanyagwa ukawa mgumu, nyingi inakimbia, na maji yanayokimbia yanabeba.

Kwa hiyo usisafishe kiwanja chote kwa siku moja. Fyeka pale tu unapojenga leo, na upande wa chini wa kiwanja acha utepe wa majani wa hatua mbili tatu. Utepe huo hauna gharama, nao huchuja tope kuliko kitu chochote utakachotengeneza. Upande wa juu, chimba mtaro mdogo unaokingama na mteremko ili maji ya jirani yazunguke nyumba badala ya kupita katikati yake. Wakamba wa Kenya wana namna yao ya kuchimba mtaro kama huo na kutupa udongo upande wa juu, ukawa tuta. Wataalamu wa kigeni wameandika vitabu juu yake na jina hawakulibadilisha, wanaita kwa Kiswahili chetu, fanya juu.

Lundo la udongo lisikae kwenye njia ya maji. Lifunike kwa turubai kuukuu au majani makavu, na chini yake weka kizuizi: simika vijiti, funga viroba vilivyopasuliwa, na upande wa chini wa viroba uzike ardhini kiasi cha kiganja. Usipouzika, maji yatapita chini na kazi yako imekuwa pambo. Kama mtaro umeanza kuchimbika, weka vizuizi vya mawe, kila kimoja kikiwa chini katikati kuliko pembeni, ili maji yapite katikati yasile kingo. Kichwa cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa kizuizi cha juu. Baada ya kila mvua zoa tope lililokusanyika, ulirudishe shambani. Ni udongo mzuri huo.

Na mkandarasi je?

Mnatuuliza: mbona sisi wenye beleshi tunaambiwa, na greda la barabara halisemwi? Linasemwa. Sheria ya Zambia ya Usimamizi wa Mazingira, namba 12 ya mwaka 2011, inakataza kuchafua maji na mazingira, na miradi mikubwa lazima ichunguzwe athari zake na kuidhinishwa na ZEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, kabla ya kazi kuanza. Katika idhini hizo huwekwa masharti: mitaro imwage wapi, mashimo ya kuchukulia kifusi yarekebishwe vipi, udongo wa juu uhifadhiwe. Masharti ni sehemu ya kazi, si hisani ya mkandarasi. Anayeondoka na kuacha shimo la kifusi wazi hajamaliza kazi, hata kama barabara inapitika.

Wengi wenu mnafanya vibarua kwenye kazi hizo, na ninyi ndio mnaoona. Mkiona mtaro wa barabara unamwaga kwenye uwanja wa mtu au karibu na bomba la maji, au shimo limeachwa bila kufukiwa, mwambieni kiongozi wa bloku aandike: mahali gani, tangu lini, maji yanakwenda wapi. Karatasi hiyo ifike ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi iliyo kambini, na nakala ije kwetu zahanati. Msisubiri mvua za Januari, kwa sababu wakati huo mashine zimeshaondoka na kazi itabaki ya jembe.

Kwa nyumba yako mwenyewe, mwite mhamasishaji wa afya wa bloku kabla hujachimba choo, si baada. Mtapima pamoja umbali hadi kisimani na mtatazama mteremko. Anayejenga peke yake, mzee au mama mwenye watoto wadogo, na aseme mapema ili vijana wa bloku wamchimbie mtaro wa juu kabla ya Oktoba kwisha.