Mwezi umechelewa: ni mimba?

Mama, umehesabu siku, damu haionekani, moyo unapiga. Usimeze kinini ili "kuteremsha" mwezi! Kinini nyingi huharibu macho, masikio na moyo, inaweza kuua.

Hesabu tangu siku ya kwanza ya damu mpaka damu nyingine: siku 21 mpaka 35 ni sawa. Ugonjwa, njaa, mawazo mengi, sindano ya kupanga uzazi, vyote huchelewesha. Lakini mama anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla damu haijarudi, wengi hawaamini.

Likipita juma moja, leta mkojo dispanseri tuupime. Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au kizunguzungu, pengine mimba iko nje ya kizazi: njoo usiku uleule. Baba, usiseme "ni mambo ya wanawake". Msindikize.