Sumaku na Ubongo: Tiba ya Sonona Isiyosikia Dawa

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari huko Mbagala, wilayani Temeke. Kwa miezi kadhaa hapati usingizi, chakula hakimshuki, na kazi aliyoipenda inamwelemea. Baadhi ya majirani husema ni uvivu. Wengine husema amelogwa. Hospitalini anaambiwa ana sonona, naye anapewa dawa. Anazimeza kama alivyoagizwa, lakini hapati nafuu. Je, amefika mwisho wa njia?

La, hasha. Takriban theluthi moja ya wanaotibiwa sonona hawapati nafuu ya kutosha hata baada ya kutumia dawa mbili tofauti kwa kipimo na muda unaostahili. Hii ndiyo sonona sugu.

Seli za neva hupelekeana habari kwa kemikali na kwa umeme mdogo sana. Dawa hupitia mlango wa kemikali; zipo tiba zipitiazo mlango wa umeme. Ya kwanza ilianza Roma mwaka 1938, pale Ugo Cerletti na Lucio Bini walipopitisha umeme kichwani mwa mgonjwa ili kuzusha degedege. Siku hizi, inapofanywa ipasavyo, mgonjwa hupewa kwanza nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli. Tiba hii ina nguvu sana, ijapokuwa huweza kuvuruga kumbukumbu.

Ya pili hutumia sumaku. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, huko Sheffield, Uingereza, walionyesha kuwa ubongo waweza kusisimuliwa bila kupasua fuvu. Kanuni yake ni ile ya Michael Faraday ya mwaka 1831, ambayo wanafunzi huijaribu maabarani: uga wa sumaku unaobadilika huzalisha mkondo katika kitu kinachopitisha umeme. Hapa kitu hicho ni ubongo wenyewe. Mgonjwa huketi akiwa macho, koili ikiwa juu ya kichwa chake, aghalabu siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Marekani iliiidhinisha kwa sonona mwaka 2008. Si wote wapatao nafuu; degedege hutokea kwa nadra; na mwenye kipande cha chuma kichwani hafai kutibiwa hivyo.

Mashine hizi ni ghali, lakini hatua ya kwanza haihitaji mashine. Mwalimu wetu asiache dawa kimyakimya. Arudi Hospitali ya Temeke, kama mwenzake wa Kinondoni atakavyorudi Mwananyamala, aseme wazi kuwa dawa haikumfaa. Daktari aweza kurekebisha kipimo, kubadili dawa, au kumpeleka Muhimbili. Nasi tulio jirani tusimwite mvivu: ubongo huugua kama moyo uuguavyo, nao hutibika.