Jina Lililogongwa Ukingoni

Sogeeni karibu, watoto wa Makina na Lindi hapa Kibera, na nyinyi wa Kawangware msibaki nyuma.

Zamani za Napoleon wa Ufaransa, askari wa miguu alipigana vita vya wakubwa, na akifa jina lake lilikwenda naye. Nishani nyingi zilikuwa za makamanda. Kisha vikaja vita vya Waterloo, mwaka 1815. Waingereza wakampa kila askari wao aliyekuwapo nishani ya fedha, mkubwa kwa mdogo, na jina lake likagongwa ukingoni.

Desturi hiyo ilifika kwetu. Mwaka 1902 Waingereza waliunda jeshi la King's African Rifles, wazee wakaliita Keya, na mwaka huohuo ikaanzishwa nishani ya Africa General Service. Miongoni mwa askari wa Keya walikuwamo Wanubi, wenye asili ya Sudan. Nishani yenyewe ni ya fedha, ina kichwa cha mfalme, na utepe wake wa manjano una kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani. Kwenye utepe hubanwa vibao vyembamba vinavyotaja vita.

Kibao kimoja kinasema Nandi 1905-06. Mtoto wa Kinubi wa Kibera atajivunia babu yake shujaa. Mtoto wa Kinandi naye atamwambia kwamba katika vita hivyo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa na Waingereza kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905. Wote wawili wanasema kweli, na mimi siwezi kuisifu nishani hii nikamsahau Koitalel. Miaka ya hamsini ilitolewa tena, yenye kichwa cha Malkia Elizabeth na kibao cha Kenya, kwa waliopigana dhidi ya Mau Mau!

Na ardhi je? Askari wa Kinubi waliruhusiwa kukaa Kibra, ndiyo Kibera ya leo, wakati huo msitu. Mwaka 1918 zikatengwa rasmi ekari 4,197. Hati hawakupewa. Fedha ya kifuani ilikuwa na majina yao, ardhi haikuwa nayo. Hati ilikuja 2017, mikononi mwa Rais Uhuru Kenyatta, kwa ekari 288 tu.

Basi mkiikuta nishani kwenye sanduku la bibi, msiisugue, maana herufi hufutika. Msimpe mnunuzi wa vyuma aipime kwa mizani. Isomeni ukingoni kwanza: namba, cheo, jina, kikosi. Kisha muulizeni bibi mwenye jina hilo alikuwa nani, mwandike anachosema.